Ukinyimwa mafao ya ulemavu Marekani: jaji wa mahakama anaangalia nini?

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Marekani kuna swali lisiloisha: "Nimekataliwa disability kila ngazi, sasa barua inasema naweza kwenda mahakamani. Nikifika mbele ya jaji nimweleze nini?" Majibu yanamiminika na yanapingana. Mmoja anasema jaji akikuona unavyochechemea atakuhurumia. Mwingine anaonya kwamba ukiishtaki serikali utaharibu makaratasi yako ya uhamiaji. Wa tatu anashauri uachane na rufaa, ujaze fomu upya uanze moja. Majibu yote matatu yana kasoro, na hilo la tatu ndilo linaloweza kumgharimu mtu pesa nyingi bila yeye kujua.

Jaji wa mahakama haulizi kama unaumwa. Anauliza kama waliokunyima walifanya kazi yao jinsi sheria inavyotaka. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua upeleke nini mahakamani, nani akusaidie na utarajie nini, kwa hiyo tuijenge taratibu.

Maneno machache kwanza

SSA ni idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia hifadhi ya jamii. Kwa mtu aliyeshindwa kufanya kazi kwa sababu ya maradhi au kuumia, idara hiyo ina malipo ya aina mbili, na watu huyachanganya kwa sababu majina yanakaribiana.

SSDI ni bima. Ilianzishwa mwaka 1956, na kila mfanyakazi anaichangia kwa kodi inayokatwa kwenye mshahara wake. Kazi unayofanya inakupatia pointi zisizozidi nne kwa mwaka. Kwa kawaida mtu anatakiwa awe na pointi 40, na 20 kati ya hizo awe amezipata katika miaka 10 ya mwisho kabla ya kushindwa kazi, ingawa vijana hudaiwa chache zaidi. SSI si bima. Ni msaada kwa wenye kipato kidogo na mali ndogo ambao ni wazee wa miaka 65 na zaidi, wasioona, au wenye ulemavu. Si lazima uwe umewahi kuajiriwa, lakini mali inayohesabiwa isizidi dola 2,000 kwa mtu mmoja. Mwaka 2025 malipo ya juu kutoka serikali kuu yalikuwa dola 967 kwa mwezi. Wakimbizi ambao hawajawa raia wana kikomo cha miaka saba kwenye SSI. Aliyekatiwa malipo kwa sababu hiyo hana ubishi juu ya ulemavu wake, na njia yake ni nyingine kabisa, hasa kuutafuta uraia.

Sasa neno lenyewe, ulemavu. Sheria inamhesabu mtu mzima kuwa na ulemavu pale ambapo maradhi ya mwili au ya akili, yaliyothibitishwa kitabibu, yanamzuia kufanya kazi yoyote ya kipato cha maana, na yamedumu au yanatarajiwa kudumu angalau miezi 12 mfululizo, au kumfikisha kwenye kifo. Kipato cha maana kina kiwango chake. Mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kwa mtu anayeona. Hakuna ulemavu wa asilimia 40 wala wa asilimia 70 hapa, kama ilivyo kwa maveterani wa jeshi. Ama unao, ama huna.

Maneno "kazi yoyote" ndiyo yanayowaumiza wengi. Chukua mama wa miaka 47, Mkongomani, aliyefanya kazi miaka minane kwenye kiwanda cha nyama kule Iowa. Mgongo umeharibika, mikono inakufa ganzi, kisu hakishikiki tena. Yeye anajua, mumewe anajua, hata msimamizi wake wa zamani anajua kwamba hawezi kurudi pale. SSA nayo inaweza kukubali kabisa kwamba hawezi kurudi pale, kisha ikamnyima, kwa hoja kwamba zipo kazi nyepesi zaidi nchini anazoweza kuzifanya akiwa amekaa. Haijalishi kama kazi hizo zipo mjini kwake au kama kuna mtu angemwajiri. Nitamrudia mama huyu, ni mfano tu, lakini hali yake ni ya watu wengi.

Ngazi kabla ya mahakama

Ombi la kwanza huamuliwa na ofisi ya jimbo inayofanya kazi kwa niaba ya SSA. Maombi mengi hukataliwa hapo. Ngazi ya pili ni kuomba uamuzi uangaliwe upya na mtu mwingine wa ofisi hiyo, na hapo nako wengi hukataliwa. Ngazi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: unasikilizwa na hakimu wa SSA, ana kwa ana, kwa video au kwa simu. Unaapa, unaeleza maisha yako, unaulizwa maswali. Mara nyingi huwepo mtaalamu wa ajira anayeulizwa: mtu mwenye vizuizi hivi na hivi, anaweza kufanya kazi gani? Ngazi ya nne ni Baraza la Rufaa, nalo ni la SSA. Wao hawakuiti. Husoma karatasi, na mara nyingi hujibu kwamba hawaoni sababu ya kuupitia uamuzi wa hakimu.

Kila ngazi ina siku 60 za kukata rufaa. Barua ya Baraza la Rufaa ikisema "hapana", ndipo mlango wa mahakama unapofunguka.

Hapa watu wengi huchanganyikiwa. Yule wa ngazi ya tatu anaitwa jaji kwenye barua, anavaa joho, anaapisha watu. Lakini ameajiriwa na SSA yenyewe. Katika makala haya nitaendelea kumwita hakimu wa SSA, na neno jaji nitaliacha kwa yule wa mahakama. Mahakama hiyo ni ya wilaya ya shirikisho. Haifanani na mahakama za wilaya za Tanzania, zilizo chini ya Mahakama Kuu. Hii ni mahakama ya serikali kuu ya Marekani, ziko 94 nchi nzima, na majaji wake hawaajiriwi wala kusimamiwa na SSA. Kwa mtu aliyezungushwa miaka mitatu ndani ya idara moja, kupata msomaji wa nje ni jambo kubwa.

Karatasi ileile, msomaji mwingine

Mwanafunzi aliyefeli mtihani wa taifa akikata rufaa ya matokeo, hapewi chumba na kalamu afanye mtihani upya. Karatasi yake ileile inatolewa kabatini, na anayeipitia anaangalia kama kuna ukurasa ulirukwa, kama jibu sahihi lilinyimwa alama, kama hesabu ilijumlishwa vibaya. Jibu alilolikumbuka akiwa njiani kurudi nyumbani halimsaidii kitu. Mahakama inalitazama shauri lako namna hiyo.

Karatasi yako ni jalada: rekodi zote za hospitali zilizofika SSA, fomu ulizojaza, maelezo yako uliyotoa chini ya kiapo yakiwa yameandikwa neno kwa neno, majibu ya mtaalamu wa ajira, na uamuzi wa hakimu wa SSA. Jaji anasoma hayo. Hakuna baraza la wazee, hakuna mashahidi, na mara nyingi hutakanyaga mahakamani hata siku moja. Wakili wako anaandika hoja, wakili wa serikali anajibu, jaji anaandika hukumu. Yule anayetegemea jaji aone anavyochechemea anasubiri siku ambayo haiji.

Jaji anatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni kosa la sheria: je, hakimu wa SSA alifuata kanuni? Cha pili ni ushahidi: je, alichokisema kina mguu wa kusimamia ndani ya jalada? Na hapa lazima niseme jambo ambalo halifurahishi. Kipimo cha ushahidi si cha juu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikumbusha hivyo mwaka 2019: inatosha ushahidi uwe zaidi ya chembe, wa kiasi ambacho mtu mwenye busara angeuona unatosha kulifikia hitimisho lile. Maana yake, kama jalada linaweza kusomwa kwa namna mbili na zote zina mantiki, jaji hawezi kumgeuza hakimu wa SSA kwa sababu tu yeye angeamua tofauti. Ndiyo maana hoja ya "lakini mimi ninaumwa kweli", hata ikiwa kweli tupu, haishindi mahakamani peke yake. Kinachoshinda ni kuonyesha mahali hasa ambapo uamuzi ulikwenda kombo.

Na huenda kombo mara nyingi. Turudi kwa mama yetu wa Iowa. Daktari wake aliandika kwamba hawezi kukaa zaidi ya saa mbili katika siku ya kazi na kwamba mikono yake haiwezi kushika vitu vidogo kwa muda mrefu. Kwa maombi yaliyopelekwa kuanzia Machi 27, 2017, hakimu wa SSA halazimiki kumwamini daktari wa mgonjwa kuliko wengine, lakini analazimika kueleza: maoni hayo yanaungwa mkono na vipimo vya daktari mwenyewe? Yanalingana na rekodi nyingine? Akiandika tu kwamba maoni "hayashawishi" na kupita, amevunja kanuni. Hilo ni kosa ambalo jaji analiona bila kuhitaji shahada ya udaktari.

Kosa jingine ni la kuchagua mistari. Katika kurasa 900 za hospitali kuna siku moja nesi aliandika "mgonjwa anaendelea vizuri leo." Uamuzi unaushika mstari huo na kuziacha ziara nyingine ambazo mama alilia kwa maumivu. Au alipoulizwa siku yake inavyokwenda, alisema anapika ugali na kwenda kanisani Jumapili. Uamuzi ukageuza hayo kuwa ushahidi kwamba anaweza kufanya kazi saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki. Kama pia alisema kwamba anapika akiwa amekaa, binti yake ndiye anayesonga, na kanisani anatoka kabla ya mahubiri kuisha, na uamuzi haukugusa hayo, wakili ana pa kushika. Majaji wengi wamerudisha mashauri kwa sababu ya aina hii ya usomaji.

Kisha kuna mtaalamu wa ajira. Kazi anazozitaja kwa kawaida hutoka kwenye kamusi ya serikali ya kazi ambayo marekebisho yake ya mwisho ni ya mwaka 1991. Humo mna kazi ya kuandika anwani kwenye bahasha kwa mkono au kwa taipureta, na watu wamewahi kunyimwa mafao kwa kuambiwa wanaweza kuifanya. Juni 2024 SSA yenyewe ilitangaza kwamba haitazitegemea tena kazi 114 za kwenye kamusi hiyo, kwa kuwa zimebaki chache mno au hazipo kabisa. Hivyo wakili akipata uamuzi, moja ya vitu vya kwanza anavyovikagua ni kazi zilizotajwa: zipo bado? Kama mama hawezi kushika vitu vidogo, mbona kazi aliyopewa ni ya kuchambua vitu vidogo siku nzima? Mgongano kama huo usipoelezwa, uamuzi unapata ufa.

Lugha nayo ina sehemu yake, na hili linatuhusu sana. Zamani, mtu wa miaka 45 hadi 49 aliyebaki na uwezo wa kazi za kukaa tu, asiye na ujuzi maalumu na asiyeweza kuwasiliana kwa Kiingereza, kanuni zilielekeza ahesabiwe mwenye ulemavu. Tangu Aprili 27, 2020, kutojua Kiingereza si kigezo tena. Kinachobaki ni kutojua kusoma na kuandika, na hilo linapimwa kwa lugha yoyote ile. Mama yetu akiwa anaweza kusoma na kuandika ujumbe mfupi kwa Kiswahili, hahesabiwi asiyejua kusoma. Wapo wanaoendelea kuwaambia wageni kwamba "usiposema Kiingereza watakupa." Hiyo ni sheria iliyokwisha kuondolewa. Kwa upande wa pili, kama mtu kweli hakupata shule na hawezi kusoma lugha yoyote, kisha hakimu wa SSA akaandika kwamba ana elimu ya msingi bila kueleza alikoitoa, hilo ni kosa la kulipeleka kwa jaji.

Jalada hujengwa kabla

Kwa kuwa jaji anasoma kile tu kilichomo, vita vya mahakamani vinapiganwa miaka miwili kabla, mbele ya hakimu wa SSA. Ushahidi mpya unaweza kuingia mahakamani kwa mlango mwembamba mno: uwe mpya kweli, uwe unahusu kipindi kilichoamuliwa na ungeweza kubadilisha matokeo, na uwe na sababu nzuri kwa nini haukuletwa mapema. Barua ya daktari uliyoiomba baada ya kukataliwa kwa kawaida haipiti.

Barua zenyewe pia zina namna. Ile inayosema "mgonjwa wangu ni mlemavu, hawezi kazi" ina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kuamua nani ana ulemavu kisheria ni kazi ya SSA, si ya daktari. Barua yenye nguvu inaeleza uwezo: anaweza kusimama dakika ngapi, kubeba kilo ngapi, atalazimika kulala chini mara ngapi mchana, atakosa siku ngapi kwa mwezi, na vipimo gani vinaonyesha hivyo.

Na mkalimani. SSA inatoa mkalimani bila malipo, na una haki ya kumwomba hata kama Kiingereza chako kinatosha dukani. Lakini Kiswahili cha Bukavu si cha Unguja, na mkalimani aliyezoea kimoja anaweza kupotoka kwenye kingine. Kikao kinarekodiwa. Usipomwelewa mkalimani, au ukisikia amesema sivyo, lisemee papo hapo, kwa sauti, ili liingie kwenye rekodi. Malalamiko ya ukalimani yanayoibuka kwa mara ya kwanza mahakamani, huku maandishi ya kikao yakionyesha ulijibu kila swali bila tatizo, ni magumu sana kuyathibitisha.

Siku 60 zinavyohesabiwa

SSA inachukulia kwamba barua hukufikia siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, na siku 60 zinaanza hapo. Barua ya Baraza la Rufaa yenye tarehe ya Machi 1 inahesabiwa kuwa uliipokea Machi 6, na kesi iwe imefunguliwa kufikia Mei 5. Kama ilichelewa zaidi ya hapo na unaweza kuthibitisha, sema na uonyeshe. Kama una sababu nzito ya kushindwa kuwahi, unaweza kuliandikia Baraza la Rufaa kuomba muda zaidi, na ni salama kuomba kabla siku hazijaisha.

Kosa linalowapoteza watu ni kupeleka karatasi mahali pasipo penyewe. Ngazi zote zilizotangulia zinaishia SSA, kwa hiyo mtu anabeba barua yake hadi ofisi ileile ya mtaani kwao, anakaa foleni, anaondoka akiamini amekata rufaa. Rufaa hii haifunguliwi hapo. Inafunguliwa kwa karani wa mahakama ya shirikisho ya eneo unaloishi, na anayeshtakiwa ni Kamishna wa Hifadhi ya Jamii.

Tangu Desemba 1, 2022 kuna kanuni maalumu zilizorahisisha mashauri haya. Hati ya kufungua kesi inaweza kuwa fupi: jina lako na kaunti unayoishi, aina ya mafao, mafao yanadaiwa kwa michango ya nani, na ni uamuzi gani wa mwisho unaoupinga. Mahakama yenyewe inaitaarifu serikali kwa njia ya kielektroniki, huhitaji kumtafuta mtu wa kupeleka wito. Serikali ina siku 60 za kujibu, na jibu lake laweza kuwa jalada lenyewe. Kisha upande wako una siku 30 za kuwasilisha hoja za maandishi, serikali 30 za kujibu, nawe 14 za kumalizia. Baada ya hapo ni kusubiri hukumu, na safari nzima mara nyingi huchukua mwaka au zaidi.

Gharama

Ada ya kufungua kesi ni dola 405. Asiye na uwezo anajaza fomu ya kuomba kusamehewa, akieleza kipato na matumizi yake, na wanaoishi kwa msaada kwa kawaida hukubaliwa. Wakili wa mashauri haya hakutozi kila saa. Akishinda, mahakama inaweza kumruhusu alipwe hadi asilimia 25 ya malimbikizo, yaani fedha ulizostahili kulipwa tangu ulipoanza kustahili. Asipopata kitu, hadai ada, ingawa mkataba unaweza kukutaka ulipie gharama ndogo kama nakala za rekodi, kwa hiyo usomeni pamoja kabla ya kusaini.

Ipo pia sheria ya mwaka 1980 inayoweza kuilazimisha serikali kulipa ada ya wakili wako pale ambapo msimamo wake haukuwa na msingi wa kutosha. Wakili akilipwa kwa njia zote mbili kwa kazi ileile ya mahakamani, lazima akurudishie kiasi kilicho kidogo. Mathalani serikali imelipa dola 6,000 na mahakama ikaruhusu 10,000 kutoka kwenye malimbikizo yako, zile 6,000 ni zako. Muulizeni wakili kuhusu hili bila kuona haya.

Wasiwasi wa makaratasi pia uwekwe mahali pake. Kuomba mahakama iupitie uamuzi wa SSA ni haki iliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe ya hifadhi ya jamii. Si kosa, na hakuna anayeshtakiwa kwa kuidai. Maswali ya kama kupokea SSI kunaweza kugusa ombi fulani la uhamiaji ni halali, lakini hayo ni ya kumuuliza wakili wa uhamiaji kwa hali yako. Hayahusiani na kwenda mahakamani.

Je, si bora kuanza upya?

Huu ndio ushauri ninaoomba watu wauogope. Bima ya SSDI ina tarehe ya kuisha. Kwa aliyekuwa akifanya kazi mfululizo, kinga yake hudumu takriban miaka mitano baada ya kuacha. Tuseme mama yetu aliacha kazi mwishoni mwa 2020. Bima yake inafika ukingoni mwishoni mwa 2025. Akiiacha rufaa na kuomba upya mwaka 2026, itambidi athibitishe kwamba alikuwa tayari na ulemavu kabla ya bima kuisha. Papo hapo, uamuzi wa hakimu wa SSA ambao hakuupinga unakuwa wa mwisho kwa kipindi chote kilichofikia tarehe yake. Anaweza kujikuta amebanwa pande zote mbili, na SSDI imepotea moja kwa moja.

Hata pale bima inapokuwa hai, malimbikizo hupungua. Ombi jipya la SSDI linaweza kurudi nyuma miezi 12 tu, na SSI hairudi nyuma ya ombi kabisa. Anayeshinda rufaa anahesabiwa kuanzia ombi lake la awali, na huko kunaweza kuwa na miaka mitatu au minne ya fedha.

Na si lazima uchague. Shauri likishafika mahakamani, unaruhusiwa kupeleka ombi jipya sambamba nalo, kwa kipindi cha baada ya uamuzi wa hakimu wa SSA. Hilo lina maana hasa kama hali imezidi kuwa mbaya au umeingia umri ambao kanuni zinakuwa laini zaidi, kama miaka 50 au 55.

Ukishinda, unapata nini?

Jaji anaweza kuuthibitisha uamuzi, na hapo unaweza kwenda mahakama ya rufaa ya shirikisho ndani ya siku 60. Anaweza, kwa nadra, kuamuru ulipwe moja kwa moja. Linalotokea zaidi kwa anayeshinda ni la kati: shauri linarudishwa SSA lisikilizwe upya na kosa lirekebishwe. Katika miaka ya karibuni karibu nusu ya mashauri haya, na miaka mingine zaidi ya nusu, yamerudishwa hivyo. Wakili akikupigia akisema "tumeshinda," muulize mara moja kama ni malipo au ni kurudishwa, maana familia zimewahi kuahidi watu fedha kwa tafsiri ya simu ile.

Kurudishwa kuna thamani yake. Unapata kikao kipya, na safari hii ushahidi mpya unaingia: picha za mgongo za mwaka huu, maoni ya bingwa, rekodi za hospitali tangu kikao cha kwanza. Endelea na matibabu wakati wote wa kusubiri, kwa sababu pengo la mwaka mzima bila kumwona daktari litasomwa kama dalili ya nafuu, hata kama chanzo ni kukosa bima ya afya. Kama ni hivyo, iandikwe kwenye rekodi kwamba ni hivyo.

Hakimu wa SSA anaweza kukunyima tena baada ya shauri kurudishwa, na hesabu ya siku hapo ni tofauti na ile uliyoizoea. Una siku 30 za kupeleka pingamizi kwenye Baraza la Rufaa. Usipopeleka, na Baraza lenyewe lisipoingilia, uamuzi unakuwa wa mwisho siku ya 61, na kuanzia hapo una siku 60 za kufungua kesi mahakamani kwa mara ya pili. Baada ya kurudishwa si lazima kupitia tena Baraza la Rufaa kabla ya kwenda kwa jaji.